Bandari za Mto Kongo Katika Vita na Baada ya Vita



Katika vitabu vya historia tunavyofundishia, vita huelezwa kwa majina ya majemadari, kwa tarehe za mapigano na kwa mikataba iliyotiwa saini katika miji ya mbali. Ni nadra kukuta ukurasa unaoeleza habari za gati, za tishari, za karani wa bandari au za mchukuzi aliyebeba magunia kutoka chomboni hadi kwenye behewa. Hata hivyo, kwa watu wakaao bara, mbali na bahari, mara nyingi vita huanza kujulikana pale bandarini: chombo kilichongojwa hakikufika.

Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya bandari za Mto Kongo wa juu, yaani Nyangwe, Kindu, Ubundu na Kisangani, nyakati za vita na nyakati za kujijenga upya. Tumezichagua bandari hizi kwa sababu mbili. Kwanza, ndizo zilizokipitisha Kiswahili hadi katikati ya msitu wa Afrika. Pili, sisi tunaoandika tulikuwa bado tukikaa katika madawati ya shule mto ulipofungwa mwaka 1998. Wanafunzi tunaowafundisha leo wamezaliwa baada ya mto kufunguliwa, nao hudhani kwamba ulikuwa wazi siku zote. Yafaa waelezwe mto hufungwaje, na tena hufunguliwaje, kwa maana mambo hayo mawili hayalingani hata kidogo.

Mto wenye ngazi

Mto Kongo una urefu wa kiasi cha kilomita 4,700, lakini hakuna chombo kiwezacho kuuabiri wote tangu chimbuko hadi bahari. Maumbile yameukata vipande. Meli itokayo baharini hufika Matadi tu. Mbele yake kuna maporomoko. Kwa sababu hiyo ilijengwa reli ya kilomita 366 kati ya Matadi na Kinshasa, kazi iliyochukua miaka minane, tangu 1890 hadi 1898, na iliyoua wafanyakazi wengi. Kutoka Kinshasa maji huwa wazi kwa kilomita 1,734 hadi Kisangani. Hapo tena kuna maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotandaa kwa kiasi cha kilomita 100. Reli ya kilomita 125 ilifunguliwa mwaka 1906 ili kuyazunguka, kutoka Kisangani hadi Ubundu, mji ulioitwa Ponthierville siku zile.

Kutoka Ubundu maji hufaa tena hadi Kindu. Kutoka Kindu hadi Kongolo ni reli, kilomita 355, iliyokamilika mwishoni mwa mwaka 1910. Kutoka Kongolo mtu hurudi mtoni, akapita Kabalo, akafika Bukama. Na pale Kabalo kuna tawi la reli la kilomita 273 liendalo Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, lililokamilika mwaka 1915. Ng'ambo ya ziwa ni Kigoma, ambako reli itokayo Dar es Salaam iliwasili mwaka 1914.

Msomaji aitazame njia hii kama ngazi. Kila kidato ni mahali ambapo shehena hupakuliwa na kupakiwa upya: kutoka chomboni hadi behewani, kutoka behewani hadi chomboni. Na kila mahali pa kupakua palizaa mji. Palihitajiwa wachukuzi, makarani, mafundi wa boila, wakata kuni za kuendeshea meli za moshi, wauza vyakula, wenye nyumba za kulaza wageni, na hatimaye walimu wa kuwafundisha watoto wao. Kindu na Ubundu ni watoto wa mpakuo. Lakini ngazi ina udhaifu mmoja: ikivunjika kidato kimoja, vidato vingine vyote, hata vikiwa vizima, havimfikishi mtu popote.

Nyangwe: bandari iliyokufa

Kabla ya reli, bandari kubwa ya mto wa juu ilikuwa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, kama uitwavyo mto katika sehemu hiyo. Wafanyabiashara kutoka pwani na Unguja walijenga makao pale katika miaka ya 1860. Soko lake lilikusanya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliokuja kwa mitumbwi na samaki, mafuta ya mawese, vyungu na mihogo. Tarehe 15 Julai 1871 mgeni mmoja, David Livingstone, aliwaona watu wa misafara wakiwafyatulia risasi wauzaji wa soko hilo. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikapinduka, na mamia wakafa maji. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilichangia kuongeza shinikizo lililopelekea soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873.

Hatuna budi kulisema jambo hili waziwazi mbele ya wanafunzi wetu. Kiswahili kilipanda mto huu pamoja na pembe za ndovu na pamoja na minyororo. Kilipanda pia pamoja na mpunga, miembe, na ufundi wa kujenga nyumba za pembe nne. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyeandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, alifanywa liwali wa maporomoko ya Boyoma mwaka 1887 chini ya Dola Huru ya Kongo. Mwalimu asiyetaka kuyataja mabaya hayo atakuwa amefundisha nusu ya historia. Na asiyetaka kuyataja mema atakuwa amefundisha nusu nyingine.

Mwaka 1892 vita vilizuka baina ya Dola Huru na wakubwa wa biashara ya pembe. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliongoza majeshi ya upande mmoja. Francis Dhanis aliongoza upande wa pili. Majeshi yalikaa yakitazamana kutoka kingo mbili za mto. Bunduki zilikuwapo pande zote, lakini bunduki haivukishi mtu. Dhanis aliweza kuvuka na kuutwaa Nyangwe mwezi wa Machi 1893 kwa kuwa alipata mitumbwi ya watu wa mtoni. Hilo ndilo fundisho la kwanza la historia ya mto: mwenye mtumbwi, ijapokuwa hana cheo, ndiye aamuaye nani atavuka.

Na Nyangwe ulifufuka baada ya vita? La, haukufufuka. Reli ilipokuja iliuacha kando, ikaanzia Kindu. Biashara ilifuata reli, watu wakafuata biashara, na mji uliokuwa mashuhuri kuliko miji yote ya mto wa juu ukabaki kijiji. Tunataja jambo hili ili isidhaniwe kwamba kila bandari iliyovunjwa na vita hurudia hali yake. Nyingine hurudi, nyingine majina yake hubaki vitabuni tu.

Vita vya 1914 na meli zilizosafiri nchi kavu

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Wajerumani walikuwa na nguvu kuliko wengine katika Ziwa Tanganyika. Meli yao kubwa, Graf von Goetzen, ilikuwa imeundwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwezi wa Februari 1915.

Waingereza walijibu kwa njia iliyowashangaza wengi. Walileta mashua mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume katika Katanga. Kutoka hapo zilikokotwa na mitambo ya mvuke na mafahali kuvuka milima ya Mitumba. Mamia ya wenyeji walikata miti na kujenga madaraja. Majina yao hayakuandikwa. Kisha zilifika Bukama, zikateremshwa katika Lualaba. Lakini ulikuwa mwezi wa Oktoba, mwisho wa kiangazi, na maji yalikuwa haba. Mashua zilipwelewa mara kwa mara katika mafungu ya mchanga, zikasukumwa na kuvutwa, mpaka zikafika Kabalo na kupakiwa tena katika reli kuelekea ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikazamisha Hedwig von Wissmann.

Goetzen hakuzamishwa na adui. Wajerumani walipolazimika kuiacha Kigoma mwezi wa Julai 1916 waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tangu hapo imebeba abiria, dagaa, nafaka na mahindi kwa vizazi kadhaa. Na mwezi wa Mei 2015 ilitumwa Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi na kuwapeleka Kigoma.

Grisi ile yafaa kutazamwa sana. Mtu aliyekuwa akishindwa vita alikumbuka kwamba chombo kitahitajiwa baada ya vita, hata kama si na yeye. Laiti wote waliopigana katika nchi zetu wangeacha nyuma yao grisi namna hiyo!

Mto unafungwa

Tuje sasa katika siku zetu wenyewe. Haingekuwa haki kusema kwamba vita vya 1998 vilizikuta bandari zetu zikiwa na afya. Mji wa Kisangani ulikwisha kuumia tangu mwezi wa Agosti 1964, ulipotwaliwa na waasi walioitwa Simba kwa Kiswahili chao wenyewe. Baadaye, katika miaka ya 1980, meli zilizeeka pasipo kubadilishwa, na uporaji wa 1991 na 1993 ukaharibu biashara iliyosalia. Kisha vikaja vita vya 1996 na 1997. Wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakitembea msituni walifika Ubundu na kuifuata reli kuelekea Kisangani, wakapiga kambi katika njia ya reli huko Biaro na Kasese. Wengi waliuawa huko. Tarehe 4 Mei 1997 wakimbizi zaidi ya 90 walikufa kwa kusongamana ndani ya mabehewa ya treni iliyokuwa ikiwaleta mjini. Reli iliyojengwa kwa ajili ya kuyazunguka maporomoko ikawa yenyewe poromoko.

Vita vipya vilianza tarehe 2 Agosti 1998, na tarehe 23 mwezi huo huo Kisangani ukaangukia mikononi mwa waasi na majeshi ya Rwanda na Uganda. Mto ukawa na mabwana watatu: serikali huko Kinshasa na Mbandaka, kundi moja la waasi katika Lisala na Bumba, na kundi jingine katika Kisangani. Hakuna aliyejenga ukuta majini. Ilitosha kwamba nahodha hakujua ni nani atakayemfyatulia risasi kwenye konzi inayofuata. Ndivyo mto unavyofungwa: kwa shaka tu, katika siku moja.

Tulioishi ng'ambo ya juu ya kizuizi hicho twakumbuka mambo madogo. Chumvi, ambayo zamani ilipanda mto kwa magunia, ikapimwa kwa kijiko. Sabuni ikawa zawadi ya harusi. Taa zikawashwa kwa mafuta ya mawese. Vitu vya madukani vilikuja kwa ndege kutoka mashariki, kwa bei za ndege. Kwa upande mwingine, mchele, mihogo, ndizi na samaki wa kukaushwa, vitu ambavyo vijiji vya mtoni vilizoea kuviteremsha hadi Kinshasa, havikuwa na mnunuzi. Mkulima alikuwa na chakula asiyeweza kukiuza. Mwenzake wa Kinshasa alikuwa na njaa na fedha mkononi. Mto ulikuwa ukipita baina yao kama kawaida, maji yale yale, ukipeleka magugu tu.

Ikaja zama ya baiskeli. Mjini vijana walianza kuwabeba abiria kwa baiskeli zilizoitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Msituni, katika njia kati ya Kisangani na Ubundu, watu walisukuma baiskeli zenye madumu ya mafuta na magunia, wakitembea siku nyingi kwa miguu kando ya reli iliyoota majani. Yule aliyekuwa mchukuzi wa kutoka chomboni hadi behewani akawa yeye mwenyewe chombo na behewa.

Na shule? Vitabu, karatasi za mitihani na vyeti vilitoka Kinshasa. Njia ilipokatika, mtihani wa kumaliza shule ukawa jambo la kujadiliwa baina ya pande zinazopigana, na wengi wetu tulingoja vyeti vyetu kwa miaka. Walimu wetu walifundisha pasipo mshahara kutoka serikalini. Wazazi walileta walichonacho. Mmoja wao, mwalimu wa Kiswahili, alituandikia mashairi ubaoni, kwa mkaa maana chaki ilikwisha, akatuamuru tuyahifadhi kwa moyo kwa sababu karatasi haikuwapo. Mashairi hayo tunayakumbuka hadi leo.

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yaliyokuja kama washirika, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wa Kisangani. Makombora zaidi ya 6,000 yaliangukia makazi ya watu. Mamia ya raia waliuawa, maelfu walijeruhiwa au kuhama. Wakazi wa Tshopo, ambako daraja liligombewa, walijificha mashimoni au wakakimbilia msituni. Kanisa kuu lililo ukingoni mwa mto lilitobolewa. Waswahili husema kwamba wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo. Katika kesi ya Kisangani methali hii haikuwa pambo la maneno.

Mto unafunguliwa

Mkataba wa kusimamisha vita ulitiwa saini Lusaka mwezi wa Julai 1999, lakini chombo hakikupita. Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake la 1304, lilidai majeshi yaondoke Kisangani. Mwaka 2001 mabaharia wa Uruguay waliletwa pamoja na walinzi wa amani ili kulinda safari za mtoni. Mwezi wa Desemba 2002 mapatano ya jumla yalifikiwa Pretoria, serikali ya mpito ikaundwa katikati ya mwaka 2003, na mwaka huo tishari za wafanyabiashara zikaanza kurudi Kisangani. Mwaka 2004 treni kutoka Lubumbashi ilifika tena Kindu, baada ya miaka sita ya kutoonekana.

Twakumbuka vyema umati uliosimama ukingoni. Watu walishangilia chumvi. Lakini ingekuwa kosa kumalizia hadithi pale penye shangwe, kama vitabu vingi vifanyavyo. Ilichukua siku moja kuufunga mto, lakini hata leo hatuwezi kusema kwamba umefunguka wote.

Sababu ni hii. Mto Kongo si barabara. Mafungu yake ya mchanga huhama, na mkondo wenye kina uliokuwapo mwaka huu waweza usiwepo mwaka ujao. Zamani alama za njia zilifungwa kwenye miti ya ukingoni na maboya yakaelea majini. Walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa kupima kina na kuzihamisha alama hizo kila msimu. Mahali pasipopimwa kwa miaka mingi, alama iliyobaki ni hatari kuliko kukosa alama, maana hudanganya. Chombo hutegemea basi vijana wawili wasimamao mbele na pondo mikononi, wakichoma maji na kutaja kina kwa sauti. Safari iliyokuwa ikihesabiwa kwa siku ikawa yahesabiwa kwa majuma.

Vilevile meli za zamani hazikurudi kwa wingi. Nafasi yake ilichukuliwa na mashua kubwa za mbao zenye injini, zilizoundwa na mafundi wa vijijini. Tusizidharau mashua hizo; ndizo zilizolisha miji. Lakini hubeba watu na mizigo kupita kiasi, nyingi hazina majaketi ya kujiokolea, nazo husafiri usiku. Mwezi wa Februari 2021 mashua ya namna hiyo ilizama karibu na Longola Ekoti, katika jimbo la Mai-Ndombe, na watu wasiopungua 60 wakafa. Hao si watu waliouawa na vita, lakini tukifuata uzi hadi mwanzo wake tutaukuta umefungwa penye meli ambazo hazikutengenezwa na alama ambazo hazikurudishwa.

Haki nayo ilikuja kwa mwendo wa tishari. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria katika vita hivyo, mapigano ya Kisangani yakiwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama hiyo iliamuru ilipe fidia ya dola za Marekani milioni 325. Kati ya makombora na amri ya malipo ilipita miaka zaidi ya 21. Mtoto aliyezaliwa shimoni mwezi wa Juni 2000 alikuwa mtu mzima.

Lugha ya bandarini na wajibu wetu

Mpaka hapa tumezungumza kama wanahistoria. Sasa tuzungumze kama walimu wa lugha, kwa sababu bandari hupakua maneno kama inavyopakua magunia. Kisangani ni mahali ambapo Kilingala kilichopanda kutoka Kinshasa hukutana na Kiswahili kilichoteremka kutoka Maniema. Jina lenyewe la mji lina kiambishi -ni cha mahali, ambacho kila mwanafunzi wetu hukijua. Wavuvi wa maporomoko, Waenya, ulimwengu umewazoea kwa jina la Wagenia, lenye wa- ya ngeli ya watu. Chombo ambacho sisi darasani hukiita mashua, Kilingala hukiita masuwa. Udugu wa maneno hayo haujifichi. Mahali pa kushukia mizigo watu wa Kongo hupaita bichi, hata kama hapana mchanga wala bahari.

Mtoto wa mjini kwetu akiandika masuwa katika insha yake, twaweza kumkata alama kwa wino mwekundu, tukaendelea. Lakini hebu tujiulize ni nani kati yetu na mtoto huyo aujuaye mto. Kiswahili sanifu kina hazina kubwa ya maneno ya vyombo: nahodha, rubani, serahangi, shehena, gati, boya, pondo, kupwelewa. Wengi wa wanafunzi wetu hudhani kuwa rubani ni mtu wa ndege tu, wasijue kwamba neno hilo lilimwongoza mwenye jahazi kabla ndege haijabuniwa. Basi yafaa tufanye kazi pande mbili: tuwape watoto maneno ya sanifu, na tuyapokee kutoka kwao na kwa wazazi wao maneno ya mtoni, tuyaandike kabla ya kuyasahihisha.

Miaka michache iliyopita tuliwatuma wanafunzi wetu wawahoji wazee waliofanya kazi mtoni. Mzee mmoja, aliyekuwa mpima kina zamani, aliwapokea kwa heshima, akawaketisha chini ya mwembe, akawatajia mafungu ya mchanga moja baada ya jingine, kila moja kwa jina lake na kwa msimu wake, kama mtu asomaye nasaba. Wanafunzi walijaza kurasa nne. Walipomwuliza mambo hayo yameandikwa wapi, aliwajibu: "Yaliandikwa, wajukuu wangu. Karatasi zilichukuliwa wakati wa vita. Yamebaki humu." Akajigusa kichwa. Waliahidi kurudi ili amalizie. Hatukurudi upesi, kwa kuwa mitihani ilikuwa karibu. Na tuliporudi tulikuta matanga.

Kurasa nne hizo twazihifadhi. Hatuandiki haya ili kuwahuzunisha wasomaji, bali kuungama kosa letu ili wenzetu wa Kindu, Ubundu, Kalemie, Bujumbura na Kigoma wasilirudie. Kila bandari ya bara ina wazee wa namna hii. Kila mmoja wao ni alama ya njia iliyobaki. Na vita havijatuacha mbali: mwezi wa Januari 2025, Goma ulipotwaliwa, safari za vyombo kati yake na Bukavu katika Ziwa Kivu zilisimama, na watoto wa huko wakajifunza kwa macho yao somo tulilojifunza sisi mwaka 1998.

Wanajeshi waweza kuufunga mto, na wanasiasa waweza kutangaza kwamba umefunguliwa. Lakini kuufungua hasa ni kazi ya wapimao kina, waundao vyombo, wabebao magunia, na wale waandikao yale wanayoyajua hao. Kazi hii ya mwisho ni yetu.

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Eleza kwa nini Nyangwe haukufufuka baada ya vita ilhali Kisangani ulifufuka.
2. Mafundi waliipaka Goetzen grisi kabla ya kuizamisha. Tendo hilo lafundisha nini juu ya vita na amani?
3. Tafuta maana ya maneno haya, kisha yatungie sentensi: kuabiri, kupwelewa, pondo, shehena, tishari, rubani.
4. Mwendee mzee mmoja aliyefanya kazi mtoni, ziwani au relini karibu na kwenu. Andika maneno kumi ya kazi yake ambayo hukuyajua. Uende juma hili, usingoje mitihani ipite.